Kumtumia Mtaalamu wa Afya Kazini: Mwongozo kwa Waajiri wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Ukaguzi ukikaribia, simu za watoa huduma za vipimo huanza kuita viwandani. Bei ni kwa kichwa, kazi ni siku mbili, vyeti vinakuja vimefungwa kwa raba. Mwajiri analipa, faili linanenepa, na wakata minofu wanarudi kwenye meza ileile na ganzi yao ileile ya vidole. Nilifanya hivyo miaka mitatu mfululizo nikiwa ofisa rasilimaliwatu wa kiwanda cha samaki hapa Mwanza, na nilijiona mchapakazi kwelikweli.

Haya nayaandika kwa mwenye kiwanda, meneja, au yeyote aliyetupiwa jukumu la "mambo ya OSHA" juu ya kazi zake nyingine, ili pesa ileile inayolipwa kila mwaka ilete kitu. Hatua ni kadhaa lakini zote zinazunguka jambo moja: mtaalamu apelekwe kwanza pale kazi inapofanyika, ndipo aletewe watu. Ukianza na watu utapata orodha ya wenye presha na sukari. Ukianza na kazi utajua nini kinawaumiza, nani apimwe, na apimwe nini.

Kwanza jua unamtafuta nani

Watu wengi huweka wote kwenye kapu moja. Mkaguzi wa OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, anasimamia Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Ana mamlaka ya kukuandikia hati ya kukutaka urekebishe. Yeye si mshauri wako, ingawa ofisi yao ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza ukiiuliza jambo kwa ustaarabu utajibiwa. Usimwogope, lakini usimfanye daktari wako.

Daktari wa afya kazini ni daktari aliyesomea uhusiano wa kazi na maradhi. Chini ya sheria hiyo, mwajiri anatakiwa kuhakikisha watu wake wanapimwa kabla ya kuanza kazi na kwa vipindi baada ya hapo, na anayepima awe na sifa au awe ameidhinishwa. Kazi yake siyo kutibu malaria. Atakuambia mtu huyu na kazi hii vinapatana au la, na kazi ibadilishwe vipi vipatane.

Muuguzi wa afya kazini mara nyingi ndiye utakayemwona zaidi, maana ndiye anayepima masikio na mapafu na kufuatilia waliorudi kutoka ED, yaani ruhusa ya daktari ya kutofika kazini. Halafu yupo mpima mazingira ya kazi, anayekuja na mashine za kupima kelele, vumbi, mwanga na hewa. Huyu hamgusi mtu. Kampuni nyingine zinao wote watatu, nyingine zina mmoja tu na huwaazima wengine. Uliza mapema, kwa sababu daktari bila vipimo vya mazingira anakisia, na vipimo vya mazingira bila daktari ni namba tupu.

Sasa kuna mchanganyo mmoja ambao viwanda vya samaki tunaufanya karibu wote. Kile kipimo cha wanaoshika chakula, cha choo na homa ya matumbo, si kipimo cha afya kazini. Kile kinamlinda mlaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipofunga mlango kwa sangara wa Ziwa Victoria, kwa hofu ya vimelea na baadaye ya sumu, viwanda vya hapa vilijifunza usafi kwa uchungu: mabeseni ya klorini mlangoni, kofia za nywele, kucha kukaguliwa. Tukawa hodari wa kumlinda samaki dhidi ya mfanyakazi. Kumlinda mfanyakazi dhidi ya samaki, baridi, kisu na kelele ni somo jingine, na cheti cha kwanza hakijibu maswali ya hilo la pili. Mimi nilikuwa naweka vyote kwenye faili moja.

Hatua ya 1: Kusanya ulichonacho kabla hujapiga simu

Kaa saa mbili na madaftari matatu: la mahudhurio, la huduma ya kwanza, na faili la ED. Ongeza madai yote yaliyopelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Usiyasome kwa majina. Yasome kwa idara, kwa zamu na kwa siku ya wiki.

Siku ya wiki ina siri zake. Kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mtu anayebanwa kifua Jumatatu, kisha akapata nafuu kadiri wiki inavyosonga, anakupa dalili ya zamani inayojulikana ya ugonjwa wa vumbi la pamba. Msimamizi ataona mlevi wa Jumapili. Mtaalamu ataona mapafu yaliyopumzika siku moja yakakutana tena na vumbi. Ukimpa daktari mahudhurio yaliyopangwa kwa siku, umemfanyia nusu ya kazi.

Na kumbuka sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Ukihesabu siku ulizolipa kwa meza moja ya minofu, utapata hoja ya kumpelekea mkurugenzi bila kumhubiria.

Mwisho andika ukurasa mmoja: mna watu wangapi, wakiwemo vibarua, zamu ngapi, kazi zipi, mnatumia kemikali gani, nini kinakusumbua. Vibarua usiwaache. Hewa wanayovuta ni ileile.

Hatua ya 2: Kumchagua

Mtoa huduma akianza na bei kwa kichwa kabla hajauliza mnafanya kazi gani, mshukuru na umwage. Bei kwa kichwa inamfanya apende vichwa vingi kwa haraka. Omba bei iliyochanganuliwa: siku za kutembelea kiwanda, siku za kupima, siku za kuandika ripoti, siku ya kurudi kueleza. Siku ya kuandika ikikosekana, jua ripoti imeshaandikwa.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Mwaka mmoja kampuni fulani ilituletea ripoti nzuri, karatasi nene, jalada la plastiki. Ukurasa wa 14 ulitushauri kupunguza vumbi la mwamba kwa kunyunyizia maji kabla ya kulipua. Sisi sakafu yetu haijawahi kukauka. Ilikuwa ripoti ya mgodi, wamebadilisha jina la juu. Kilichonikera zaidi ni kwamba niliigundua miezi minne baadaye, na nilikuwa nimeshasaini kwamba nimeisoma.

Muulize mambo haya kwa mdomo, uone anavyojibu. Amesomea wapi afya kazini, na anaruhusiwa na nani kupima? Amewahi kuingia kiwanda kama chako, aliona nini? Chombo chake cha kupima masikio kilihakikiwa lini? Akikuta mtu ana tatizo, atampeleka wapi? Kwetu jibu la maana hutaja hospitali ya Bugando au ya Sekou Toure na namna rufaa itakavyokwenda. Anayesema "tutaangalia" hajawahi kumpeleka mtu.

Kisha omba akuonyeshe ripoti ya zamani iliyofichwa majina. Akikupa yenye majina, umeshapata jibu lako.

Hatua ya 3: Hadidu za rejea, na mambo ya kuyaandika wazi

Mkataba usiwe mrefu, lakini mambo manne yaandikwe bila kuzunguka.

La kwanza, daktari atatembelea maeneo yote ya kazi kabla ya kupima mtu yeyote, na zamu ya usiku ni mojawapo. Bila sentensi hii atakuja na gari, atapewa ukumbi wa chakula, na hatavuka mlango wa uzalishaji.

La pili ni siri. Mwajiri atapewa neno moja kati ya manne kwa kila mtu: anafaa; anafaa kwa masharti; hafai kwa muda; hafai kwa kazi hii. Pamoja na masharti yenyewe, kwa mfano "asifanye kazi chumba cha kugandisha kwa wiki sita". Jina la ugonjwa linabaki kwa daktari na mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Niseme ukweli, hili ndilo lililonipa shida kubwa na mabosi. "Tunalipa sisi, kwa nini tusijue?" Nilijibu kwamba wanalipia ushauri juu ya kazi, na ushauri huo wameupata.

La tatu, hapimwi mtu Virusi vya UKIMWI kwa sharti la ajira. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu. Mtoa huduma akikuwekea kipimo hicho kwenye orodha kama zawadi, kikate kwa kalamu.

La nne, mtaalamu hatatumika kuwinda wanaojisingizia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani Na. 161 wa mwaka 1985, unaohusu huduma za afya kazini, unasema waziwazi kwamba wahudumu hawa wasitakiwe na mwajiri kuthibitisha sababu za mtu kutofika kazini. Siku wafanyakazi watakapohisi daktari ni askari wako, hakuna atakayemwambia ukweli, na hela yako imezama.

Gharama zote ni za mwajiri. Usimkate mtu mshahara kwa ajili ya kipimo ulichokitaka wewe.

Hatua ya 4: Waambie watu kabla uvumi haujawaambia

Uvumi hutembea kwa miguu minne. Mwaka tulipobadilisha mtindo, kabla sijaandika tangazo, kwenye foleni ya maandazi nje ya geti ilishasemwa kwamba wanakuja kupima ngoma ili wapunguze watu. Nusu ya zamu ya asubuhi siku hiyo walikuwa na misiba.

Fanya kikao kifupi kwa kila zamu, na mwakilishi wa usalama na afya awe ndiye msemaji, siyo wewe. Aseme nani anakuja, anapima nini, matokeo yanakwenda kwa nani, na mwenye masharti atafanywaje. Hilo la mwisho ndilo wanalolingojea. Ukiweza kusema "atahamishiwa kwenye kufungasha kwa mshahara uleule mpaka apone", sema. Ukiwa huwezi, usiahidi.

Hatua ya 5: Siku ya kutembea

Hapa ndipo nataka tukae.

Daktari tuliyempata mwaka wa nne alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, zamu ikiingia. Hakutaka chai. Akavaa mabuti, aproni na kofia kama wengine, akapita kwenye klorini, akasimama mwisho wa meza ya minofu. "Mwangaluka," akawaamkia mama zetu kwa Kisukuma, wakacheka, maana lafudhi yake ilikuwa ya pwani kabisa. Baada ya hapo hakusema neno kwa karibu dakika arobaini. Alikuwa anatazama mikono.

Kisu kinaingia nyuma ya shingo ya sangara, kinashuka kufuata mfupa wa mgongo, mkono unageuka, mnofu unaachia. Panki, yaani mifupa iliyobaki, linakwenda kwenye kreti la nyuma. Samaki mwingine. Daktari alikuwa anahesabu kwa dole gumba kwenye kiganja chake. Kisha akamwomba dada mmoja ampe kisu, akakijaribu kwenye kipande cha ngozi. Hakikukata, kiliburuza.

"Mnanoa saa ngapi?"

"Mnoaji anapita akija, daktari. Leo bado."

Mnoaji alikuwa mmoja kwa meza nne, na alikuwa pia anabeba barafu. Kwa hiyo kuanzia katikati ya zamu kila mtu anakamua kisu butu kwa nguvu za kiganja, kwenye samaki wa baridi, vidole vimelowa. Miaka mitatu nililipia vipimo vya damu kwa watu hawa, na hakuna hata kimoja kilichopima ukali wa kisu.

La pili aliloliona ni meza. Ilitengenezwa kwa kimo kimoja, na wafupi walikuwa wanainua mabega zamu nzima. Mmoja, mama wa miaka arobaini na kitu, alikuwa amesimama juu ya kreti lililopinduliwa, na msimamizi alikuwa amemwandikia onyo kwa ajili hiyo. Daktari akapiga picha ya kreti, si ya mama. Alipomuuliza habari ya mkono, mama akamtazama, akanitazama na mimi, akasema, "Usiku mkono unalala, mimi silali."

Tembea naye, lakini usimjibie. Mruhusu azungumze na watu bila msimamizi kuwa begani kwake. Muonyeshe mambo ambayo wageni huwa hawaonyeshwi: nyuma ya mtambo wa barafu, chumba cha kompresa za amonia, stoo ya klorini, vyoo, mahali vibarua wanapokula. Mpeleke na ziwani kama mna watu wanaoingia majini kusafisha chujio la bomba au kusukuma boti. Saa tatu zinatosha kwa kiwanda cha wastani, na arudi usiku mmoja.

Kwenye chumba cha kompresa alimuuliza fundi kama huwa anasikia harufu. "Hapana, hapa hakuvuji kabisa." Mimi niliyekuwa mlangoni macho yalikuwa yananiwasha. Pua ya anayeshinda na amonia huzoea, inaacha kumwonya. Kikomo kinachotumiwa na wengi ni sehemu 25 kwa milioni kwa wastani wa zamu ya saa 8, na hapo ndipo mpima mazingira anapohitajika na mashine yake, kwa kuwa fundi wa miaka kumi si kipimo tena.

Hatua ya 6: Vipimo vinavyofuata kazi

Baada ya matembezi, mtaalamu atoe orodha: kazi hii, hatari hii, kipimo hiki, mara kwa mara kiasi hiki. Wa ofisini hahitaji kipimo cha masikio. Wa mtambo wa barafu anakihitaji kuliko picha ya kifua.

Masikio. Kelele ikifika desibeli 85 kwa zamu ya saa 8 ni eneo la kuwafuatilia watu. Kipimo cha kwanza kifanyike mtu akiwa amekaa angalau saa 14 bila kelele kubwa, maana sikio lililotoka kwenye kelele huwa limechoka na huonekana kiziwi kwa muda. Mwaka wetu wa kwanza walipimwa wakitoka zamu ya usiku, ndani ya ukumbi wa chakula, kompresa ikinguruma ukuta wa pili. Karibu wote walionekana wameharibika masikio. Tukaogopa, tukarudia kwa gharama mpya kwenye chumba tulivu, asubuhi ya siku ya kuingia kazini, na wengi wakawa wazima. Lakini wachache hawakuwa, na hao ndio tuliokuwa tunawatafuta.

Mapafu. Mvuke na matone ya maji ya samaki yanayorushwa na mipira ya kuoshea hubeba protini ambayo baadhi ya watu miili yao huikataa, wakaishia na pumu ya kazini. Kipimo cha siku moja mara nyingi hakionyeshi kitu. Njia nzuri ni mtu kupewa kipimapumzi kidogo cha mkononi, apulize mara nne au zaidi kwa siku kwa wiki kadhaa, kazini na siku za mapumziko, aandike. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za kupumzika, grafu inajieleza. Kwa pamba, pima kabla na baada ya zamu ya kwanza ya wiki, na upange vipimo wakati mashine zinachambua. Kupima wachambuaji wakati msimu umefungwa ni kupima watu walio likizo.

Kichocho. Kwa wanaoingia ziwani hiki ni cha kazini kama kilivyo cha mtaani. Kwenye mwambao na visiwa kinachotawala ni kile cha tumbo, kwa hiyo kutafuta mayai kwenye mkojo peke yake kutakupa majibu matamu yasiyo ya kweli. Daktari aombe kipimo cha choo. Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi, ila mtu akirudi majini kesho anaambukizwa upya. Uliza basi kama lazima mtu aingie majini. Sisi chujio tulilifunga kwenye reli, likawa linavutwa nje kusafishwa.

Ngozi na mikono havihitaji mashine. Muuguzi anayejua kazi yake ataona viganja vilivyopasuka kwa maji na klorini, atauliza kuhusu ganzi ya usiku, na atamaliza watu ishirini kwa asubuhi moja.

Wajawazito wasisubiri ratiba. Mara mwanamke akikujulisha, mtaalamu aitazame kazi yake: baridi, kusimama, kubeba, kemikali, zamu ya usiku. Sheria ya ajira hairuhusu kumweka mjamzito au anayenyonyesha kwenye kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto.

Hatua ya 7: Kumpeleka mtu mmoja

Nje ya upimaji wa mwaka, utakuwa na yule mmoja anayekusumbua kichwa: hafiki, akifika hafanyi, na hujui tatizo ni nini. Hapa barua ndiyo kazi yote. Barua niliyokuwa naandika zamani ilikuwa mstari mmoja: "Tafadhali mpime huyu tujue kama anaumwa kweli." Daktari wa kwanza alinirudishia bila kuijibu, nami nikamwona ana maringo.

Hii hapa ndiyo iliyofanya kazi, nimeondoa yanayomtambulisha mtu:

"Daktari, tunamleta kwako mkata minofu wa miaka sita kazini. Husimama saa nane kwa zamu na mapumziko mawili, hushika kisu kwa mkono wa kulia, samaki ni wa baridi. Kwa miezi miwili kasi yake imeshuka na amepata ED mara tatu. Mwenyewe anasema vidole vinakufa ganzi usiku. Tumezungumza naye, amekubali kuja, na barua hii ameisoma. Tunaomba utuambie: anafaa kuendelea na kisu? Kama ni kwa masharti, yapi, kwa muda gani? Je, inawezekana kazi imechangia, ili tujaze taarifa za WCF? Tumlete tena lini? Kazi nyingine tulizonazo ni kufungasha, kupima uzito na stoo ya makasha."

Orodha ya kazi nyingine mwishoni usiisahau. Bila hiyo daktari atakuandikia "kazi nyepesi", nawe utakaa na karatasi ukijiuliza nyepesi ni ipi. Katika kiwanda cha samaki nyepesi ni ya mkurugenzi tu.

Daktari akisema kazi imechangia, toa taarifa WCF haraka. Wengi hudhani mfuko ule ni wa waliokatika vidole. Magonjwa yatokanayo na kazi nayo yamo. Mwajiri amekuwa akichangia kila mwezi, hivyo kumficha mgonjwa ni kulipa mara mbili.

Hatua ya 8: Ripoti na mambo ya kufanya nayo

Itakuja na mapendekezo ishirini. Usiisambaze kwa barua pepe ukangoja. Mwite mtaalamu aje aieleze mbele ya meneja uzalishaji, fundi mkuu na kamati ya usalama, na muulize: kiwanda kingekuwa chake, angeanza na lipi?

Yapange kwa mfuatano wa kuiondoa hatari kwenye chanzo kwanza. Vifaa kinga viwe vya mwisho. Viwanda vyetu hufanya kinyume. Kelele ikitajwa tunanunua vizibo vya masikio vya boksi zima, kumbe kifuniko cha mashine ya kusagia barafu kilishang'oka bolti mwaka juzi na ndicho kinachopiga kelele. Kwetu bolti sita zilifanya kilichoshindwa na maboksi matatu ya vizibo.

Orodha yetu ya mwaka ule, kwa mfuatano tulioufuata: mnoaji wa pili, na kunoa kila baada ya mapumziko, vibao vya kusimamia vya vimo viwili, vilivyochomelewa na fundi wetu kwa mabaki ya vyuma, bolti za mashine ya barafu, king'ora cha amonia, kubadilishana kati ya kisu na kufungasha kila saa mbili. Hili la mwisho wafanyakazi walilikataa, kwa sababu wakata minofu walikuwa na posho ya kilo na kufungasha hakuna. Ilibidi posho ibadilishwe kwanza, nayo ilichukua miezi mitano ya malumbano. Mtaalamu asingelijua hilo peke yake. Ndiyo maana kamati iwepo mezani.

Baada ya miezi sita arudi nusu siku, na matembezi yaanzie palepale alipoanzia.

Kama una watu wanane tu

Karakana ya seremala Nyakato, gereji ya Igoma, wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, watengeneza boti: hakuna anayeweza kumlipa daktari siku nzima. Unganeni majirani watano wenye kazi inayofanana. Mtaalamu atembee kwa wote siku moja, apime wote siku ya pili mahali pamoja, kila mmoja alipie sehemu yake na kila mmoja apate ripoti yake. Kwa seremala vumbi la mbao na kelele za randa, kwa dagaa vumbi la mchanga na samaki wakavu wakati wa kupepeta na kufunga magunia, kwa boti moshi wa rangi na gundi. Pesa ikiwa ni ya kitu kimoja tu, lipia matembezi. Vipimo vitafuata.

Anapoondoka

Mfanyakazi akiacha kazi, mpime tena yale aliyopimwa alipoingia, hasa masikio na mapafu, na mpe nakala. Faili la asili libaki kwa daktari. Ukibadilisha mtoa huduma, mkataba useme mafaili yanahamia kwa daktari mpya, yakiwa yamefungwa, bila kupita mezani kwako.

Yule mama wa kreti aliondoka mwaka jana kwenda kufungua duka kwao Sengerema. Alipokuja kuaga nilimpa bahasha yenye vipimo vyake vya miaka yote. Akaifungua, akatazama ile mistari ya masikio inayopanda na kushuka, akauliza hii ndiyo nini. Nikamwelezea. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, kisha akauliza kama anaweza kuchukua na kibao chake cha kusimamia, maana kaunta ya duka nayo fundi ameijenga ndefu.